Rangi iliyobanduka kama ganda la muhogo: kisa cha viti vya bustani Mwanza

Kisa hiki kinahusu viti 18, meza 4 na ugomvi wa malipo uliochukua zaidi ya miezi mitatu. Niliitwa nikaamue nani alipe, nikajikuta nashika msasa. Majina na mtaa nimeyaondoa. Mwenye nyumba aliridhia kisimuliwe kwa sharti kwamba nisiseme geti lake liko wapi.

Usuli

Ni nyumba ndogo ya wageni, imekaa kwenye mteremko wa mawe upande wa jiji unaotazama ghuba. Bustani yake inashuka kwa ngazi mbili: ya juu iko karibu na jiko, ya chini imekaribia maji. Jioni wageni huletewa sato hapo nje, na kwa nyumba ya aina hii viti vya bustani ndivyo sebule yenyewe.

Viti havikuja siku moja. Kumi ni vya zamani, vya nondo na mikanda ya chuma, vizito kiasi kwamba mhudumu mmoja habebi viwili. Kwa sababu ya uzito huo vilibaki juu, karibu na jiko. Nane viliongezwa miaka ya baadaye, ni vyepesi, vya bomba, na ndivyo vilivyopelekwa chini kwenye maji. Meza ni za bomba la mraba. Vyote vilikuwa vyeusi, na kila baada ya miaka michache vilipakwa nyeusi tena juu ya nyeusi.

Kuna jambo ambalo kila mtu pale alilijua: viti vya chini vilibanduka rangi kila mara, vya juu havikubanduka. Jibu lao lilikuwa jepesi, na mimi mwenyewe ningelikubali kama ningesimama getini tu: ni ziwa.

Kilichotokea

Mwezi wa tatu Mama mwenye nyumba alikuwa na sendofu ya binti wa ndugu yake, Jumamosi. Jumatano akamwita fundi rangi kijana, wakapatana bei kwa kila kiti na meza, nusu ikatangulia. Mpwa wa Mama, anayesimamia nyumba, akanunua makopo mawili ya rangi ya mafuta, lita 4 kila moja, na brashi. Praima, ile rangi ya chini inayoshikisha rangi ya juu kwenye chuma, hakuna aliyeitaja.

Alhamisi asubuhi kijana alipiga brashi ya waya pale palipokuwa na kutu ya kuonekana, akapangusa vumbi kwa kitambaa. Rangi ilikuwa nzito, akaipunguza kwa petroli, maana petroli ilikuwapo kwenye jenereta na tapentaini ingehitaji mtu ateremke mjini. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, ukaisha alasiri. Usiku ikanyesha. Masika yalikuwa yameshaanza, na viti vilikuwa chini ya turubai lililofunika nusu yake.

Ijumaa vilifutwa maji kwa taulo. Mkono wa pili ulianza saa kumi jioni, na giza lilipoingia wakawasha taa kubwa ya bustani ili kazi iishe. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria ameshajua kilichofuata. Vile vidudu vidogo vinavyopanda kutoka majini kama moshi vikaja kwenye taa, na chini ya taa palikuwa na rangi mbichi. Kijana aliniambia baadaye, "Mzee, nilikuwa napaka vidudu, sipaki chuma."

Jumamosi rangi ilikuwa bado inanata. Shangazi mmoja aliinuka kwenye kiti akiwa na mistari miwili myeusi nyuma ya gauni la njano. Sitaeleza maneno yaliyosemwa. Mama akazuia nusu iliyobaki ya malipo.

Hadi mwezi wa sita viti vinane vya chini vilikuwa vinatoa rangi kwa mapande makubwa, unavuta kwa ukucha kama unavyomenya muhogo. Viti vya juu vilikuwa vibaya kwa namna nyingine: vina chunusi za vidudu, vina makunyanzi, na kutu imeanza kuchungulia kwenye kingo, lakini rangi ilikuwa imeshika. Duka likamlaumu fundi. Fundi akasema rangi ni feki. Mpwa akasema hewa ya ziwa inakula chuma, asilaumiwe mtu. Hapo ndipo nikaitwa, mwezi wa saba.

Nilichokuta

Nilifika saa tatu asubuhi, nikamwamkia Mama, nikaomba tusizungumze lolote mpaka nizunguke. Nilikuwa na wembe, selotepu na kipande cha msasa. Jaribio lake ni la kizamani: unachora alama ya X kwa wembe mpaka chuma, unabandika selotepu juu yake, unaisugua ishike, kisha unaivuta kwa mkupuo. Rangi iliyoshika inabaki. Isiyoshika inakuja na selotepu.

Kwenye viti vya nondo selotepu ilitoka na chembe tu. Kwenye viti vya bomba ilitoka na ukanda mzima, na siyo rangi ya mwezi wa tatu peke yake, bali tabaka zote mpaka ya kwanza kabisa. Chini yake sikuona kutu. Niliona kijivu safi, baridi, chenye mng'ao mdogo. Kutu ilikuwa sehemu moja tu ya viti hivyo: pete ya kahawia kuzunguka kila mahali palipochomelewa.

Hapo nilikuwa nimeshapata jibu, lakini nilitaka lisemwe na mwenyewe.

"Mama, hivi viti vya chini fundi alivitengeneza kwa chuma gani?"

"Si bomba, mwanangu. Tulipofunga tangi na pampu mabaki yalibaki mengi, nikasema yasilale nje bure, nikamwita mchomeleaji."

Mabomba ya maji, yaani mabomba yaliyopakwa zinki. Zinki ndiyo ile kijivu niliyoiona. Mchomeleaji alipounganisha, moto uliichoma zinki pale kwenye kiungo, chuma kikabaki uchi. Ndiyo maana kutu ilikaa kwenye viungo tu. (Moshi wa zinki inayoungua huwapa wachomeleaji homa ya siku moja, na wengi wao hunywa maziwa wakiamini yanazuia. Hayazuii. Kinachosaidia ni kusugua zinki itoke kabla ya kuchomelea, na kufanya kazi hiyo penye hewa.)

Sasa kwa nini rangi ibanduke? Rangi ya kawaida ya mafuta ndani yake ina mafuta kweli, na aliyewahi kuona sabuni ikipikwa anajua mafuta yakikutana na kostiki yanakuwa nini. Zinki inayopata unyevu inafanya kazi inayofanana na hiyo, ila polepole. Mahali rangi inapogusana na zinki inapikwa sabuni, utando mwembamba usioonekana. Juu rangi inang'aa na ni ngumu, chini imekalia utelezi. Siku moja inaachia yote. Unaweza kuongeza mikono kumi juu yake. Itabanduka mikono kumi kwa pamoja.

Kuhusu ziwa: Ziwa Victoria ni la maji baridi. Halirushi chumvi kama bahari inavyofanya Tanga au Dar es Salaam, na anayesema hewa ya Mwanza inakula chuma kwa chumvi anasimulia habari za pwani. Kinachotoka ziwani ni unyevu, na unyevu ni adui wa kutosha, lakini ngazi ya chini na ngazi ya juu ya bustani hii hazipishani hata hatua 30. Viti vya chini viliharibika kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Vilikuwa chini kwa sababu ni vyepesi kubeba, na ni vyepesi kwa sababu ni vya bomba. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanaangalia mahali kiti kilipokaa.

Tuliyoamua, na sababu zake

Kwanza, kijana arudi yeye yule. Mama hakupenda. Nilimwambia kwamba fundi mwingine akija bila kuambiwa habari ya bomba atafanya kosa lile lile kwa bei kubwa zaidi. Pia kijana alikuwa na mkono mzuri, alichokosa ni muda na taarifa. Tukakubaliana: kazi ya kuvua rangi ya zamani ataifanya kwa nusu bei, vifaa vyote ni vya Mama, na ile nusu ya mwezi wa tatu italipwa ukishapita msimu mzima wa mvua bila rangi kubanduka. Kijana alikubali haraka kuliko nilivyotegemea.

Pili, tusichome rangi kwa moto. Mpwa alipendekeza makaa, kama wanavyofanya baadhi ya watu kwenye mageti. Tabaka za chini kabisa kwenye viti vya nondo hakuna aliyejua ni za mwaka gani, na rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Ukizichoma unazivuta puani, na watoto wa jikoni wanacheza hatua tano kutoka hapo. Tukaamua kusugua kwa msasa uliolowa maji kwenye viti vya zamani, barakoa usoni, na maganda yote kwenye turubai, siyo kwenye majani.

Tatu, kostiki hapana. Inavua rangi vizuri sana, na zinki nayo inaila. Halafu ikiingia ndani ya bomba hutaitoa.

Nne, na hili lilileta maneno: tuanze na kiti kimoja cha bomba, tukiache wiki nzima, tukipige selotepu, ndipo tuendelee. Mama alikuwa na kundi la wageni mwezi wa nane na aliona wiki inapotea. Nilisisitiza kwa sababu moja. Nusu kopo la rangi ile iliyoshtakiwa kuwa feki lilikuwa bado stoo. Nilitaka kiti cha majaribio kipakwe kwa rangi hiyo hiyo, ili ugomvi na duka uishe kwa ushahidi.

Kazi ilivyofanyika

Tuligawa viti kwa chaki: N kwa nondo, B kwa bomba. Meza tulizikwangua pembeni, zikatoa kahawia, chuma tupu, zikaenda kundi la N.

Kundi la N lilikuwa kazi ya jasho tu. Brashi ya waya, kisha msasa namba 80 kwenye kutu na 120 kwenye rangi iliyoshika, ili ing'oke mng'ao na ipate kushikwa. Hapa kuna kosa ambalo karibu kila fundi analifanya: brashi ya waya ikipita sana juu ya kutu, kutu inang'aa kama chuma. Inapendeza machoni na bado ni kutu. Msasa ndio unaosema ukweli. Tuliosha kwa maji na sabuni, tukakausha juani, na saa hiyo hiyo ikaingia redi oksaidi, praima nyekundu ya chuma. Chuma kilichosuguliwa kikilala nje usiku mmoja karibu na ziwa asubuhi unakuta kimepiga wekundu mwembamba, unaanza upya. Ilitupata kwenye meza moja.

Kundi la B lilihitaji akili zaidi. Rangi ilivuliwa kwa kisu butu na mikono, iliachia yenyewe. Tukaosha kwa sabuni mara mbili kuondoa ule utelezi, tukapitisha msasa mwembamba namba 240 kwa mkono mwepesi, maana zinki ni tabaka jembamba na ukikandamiza unaimaliza. Pete za kutu kwenye viungo tulizisugua mpaka chuma cheupe. Kisha echi praima, ile wanayotumia mafundi wa kupaka magari bodi ikishafika kwenye chuma. Duka la vifaa vya ujenzi hawakuwa nayo; tuliipata duka la rangi za magari. Ina asidi ndani inayoing'ata zinki, na hupakwa nyembamba mno, unaona chuma kwa mbali. Kijana alitaka kuijaza. Ikijazwa inakuwa dhaifu. Juu yake praima ya kawaida mkono mmoja, kisha nyeusi mikono miwili iliyopunguzwa kidogo kwa tapentaini.

Saa za kazi ndizo zilizobadilisha mambo kuliko nilivyodhani. Mwezi wa saba Mwanza ni mkavu, lakini usiku mbingu iko wazi na chuma kinapoa kuliko hewa, kwa hiyo alfajiri viti vimelowa umande hata kama hakuna tone la mvua. Ulikuwa ukiweka kiganja saa mbili asubuhi unakitoa na maji. Tulianza kupaka saa nne, kivulini chini ya mwembe. Kivuli ni kwa sababu chuma cheusi juani, hapa digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kinachemka. Rangi inakauka juu kabla ya chini na inajikunja. Saa tisa alasiri brashi zinaoshwa, kila kilichopakwa kinaingia ukumbini, taa ya bustani haiwashwi. Mkono wa pili ulisubiri kesho yake. Kazi nzima, ukiacha wiki ya majaribio, ilichukua siku tisa. Mara ya kwanza zilikuwa mbili.

Jambo moja dogo ambalo wengi hulisahau: kabla ya kila mkono tulipaka kingo, viungo na ncha kwanza kwa brashi ndogo, ndipo tukapaka kiti kizima. Rangi mbichi inakimbia ukingo, inabaki nyembamba pale pale panapogongwa zaidi.

Matokeo

Kiti cha majaribio, rangi ya "feki" juu ya praima sahihi, kilipigwa selotepu baada ya wiki. Haikutoka hata chembe. Mpwa alikipeleka kipande cha selotepu dukani mwenyewe. Nasikia walicheka pamoja.

Nilirudi mwezi wa sita uliofuata, baada ya vuli na masika. Wakati huo viti vilikuwa vimechanganywa, N na B juu na chini, kwa makusudi. Viti vyote vinane vya bomba vilikuwa vimeshika rangi, pamoja na vitatu vilivyokaa chini kwenye maji mwaka mzima. Mng'ao ulikuwa umepungua kwenye migongo inayopigwa na jua la mchana, ambalo ni jambo la kawaida kwa rangi ya mafuta. Viti vya nondo viwili vilikuwa na kutu ndogo chini ya kikalio, mahali mkono wa kijana haukufika vizuri kwa sababu hatukuvigeuza.

Meza mbili zilikuwa zimetushinda. Mguu mmoja ulitoboka karibu na ardhi, kutoka ndani kuja nje. Juu rangi nzuri kabisa, ukigonga inalia kama debe.

Uchambuzi

Niseme kwanza kuhusu hizo meza, kwa sababu kosa ni langu. Niliona bomba la mraba, nikathibitisha kwamba halina zinki, nikaridhika. Sikujiuliza maji yanakwenda wapi yakiingia. Sehemu ya juu ya miguu ilikuwa na matundu ya skrubu za ubao. Mvua inaingia kwa juu, inakaa chini, na hakuna brashi inayofika huko. Ilitakiwa kutoboa tundu la milimita tano chini ya kila mguu na kuziba matundu ya juu. Kugonga kila mguu kwa bisibisi siku ya kwanza kungechukua dakika kumi.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa. Viti vilikuwa vinakwaruza saruji na kuvua rangi miguuni, nikashauri viwekewe viatu vya mpira. Kijana alikwenda Makoroboi, mtaa uliopewa jina la taa za koroboi, akarudi na mpira wa tairi uliokatwa vizuri, akavivika viti na meza zote. Vilipendeza. Vilishika maji kama vikombe. Miguu ya meza iliyokuwa inaoza ndani ikawa inaoza na nje. Sasa kila kiatu kina tundu katikati.

Yaliyofanikiwa yalifanikiwa kwa sababu mbili ambazo sipendi zichanganywe. Viti vya bomba viliokolewa na praima. Ungevipaka mwezi wa saba kwa utulivu wote bila praima hiyo vingebanduka vile vile, labda vikichelewa kidogo. Viti vya nondo viliokolewa na saa. Vilikuwa na shida ya petroli, mvua, vidudu na haraka ya sendofu, na hata mwezi wa tatu vingetoka vizuri kama vingepewa siku sita. Watu waliosikia kisa hiki wamekwenda kununua echi praima kwa ajili ya viti vya nondo. Ni fedha ya bure.

Kiti cha majaribio kiligharimu wiki moja na kikamaliza ugomvi. Lakini nikiri kwamba selotepu ya siku saba haiwezi kuonyesha sabuni inayopikwa kwa miezi. Iliondoa shaka juu ya kopo la rangi, basi. Uthibitisho wa praima ulikuja baada ya masika, na kama ingeshindwa ningekuwa nimemtia Mama hasara ya pili.

Kuhusu malipo, kijana alipewa nusu yake mwezi wa tano. Mama alimwongezea ya mguu wa meza, maana yeye ndiye aliyeugundua umetoboka, mgeni akiwa ameegemea. Meza mbili zimekatwa miguu na kuwekewa mipya, yenye matundu. Aliyezitengeneza alitaka kutumia mabomba ya maji yaliyobaki stoo. Mama alimzuia mlangoni, akamwuliza kama anayo ile praima ya magari.